KIPIMA MWENDO CHA BAISKELI: TUCHAGUE KIPI, NA KWA KAZI GANI?

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie kifaa kidogo ambacho kimezua maswali mengi katika sharika zetu tangu tulipoanza kukifunga kwenye baiskeli za wainjilisti na za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kifaa hicho ni kipima mwendo cha baiskeli, ambacho watengenezaji wake hukiita kompyuta ya baiskeli. Ukubwa wake haufikii kiberiti. Hufungwa kwenye usukani, na huonyesha kwa tarakimu mwendokasi, umbali wa safari na jumla ya kilomita ambazo baiskeli imetembea.

Kamati kadhaa za sharika zimetuuliza zinunue kipi. Baadhi ya marafiki zetu wafadhili nao wametuuliza kama watutumie vile vya kisasa vinavyowasiliana na setilaiti. Kabla ya kujibu maswali hayo, inatupasa tueleze kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha mengi ya haya tunayoyaandika.

Kosa lililotufundisha

Katika usharika wetu mmoja wa vijijini, mwinjilisti alikuwa akiandika kwenye daftari lake la safari kwamba kwenda na kurudi mtaa wa mbali ni kilomita 62. Umbali huo ulipatikana zamani kwa pikipiki ya mradi iliyopita njia hiyo hiyo. Tulipomfungia kipima mwendo, kioo kikaonyesha kilomita 57 na kidogo. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia.

Fedha ya matengenezo ya baiskeli hutolewa kwa kilomita. Kamati ilipoketi, swali likaulizwa mwinjilisti akiwapo: hizo kilomita 5 za kila safari zimekuwa zikienda wapi miaka yote hii? Mzee yule hakujibu kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba njia ni ile ile na miguu ni ile ile. Fedha yake ikapunguzwa.

Tulipokwenda usharikani kusuluhisha, tuliazima futi ya fundi seremala tukapima gurudumu la mbele. Mzingo wake, yaani urefu wa kulizunguka tairi kwa nje, ulikuwa mita 2.22. Tukafungua kipima mwendo kuona kiliambiwa nini. Kilikuwa bado na tarakimu ya kiwandani: mita 2.05, ambayo ni ya baiskeli ya inchi 26. Baiskeli ya mwinjilisti ni ile kubwa ya inchi 28. Sisi tuliokifunga hatukubadilisha tarakimu hiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Kila gurudumu lilipozunguka mara moja, kifaa kilimpunguzia mwinjilisti sentimita 17. Katika kilomita 62 gurudumu hilo huzunguka karibu mara 28,000. Sentimita 17 mara 28,000 ni kilomita 4 na robo tatu. Hizo ndizo kilomita zilizokuwa zikitafutwa kwenye kikao.

Tuliomba radhi mbele ya kamati ile ile, na fedha iliyokatwa ikarudishwa. Hata hivyo, mtu aliyehojiwa uaminifu wake mbele ya wenzake harudishiwi kila kitu kwa stakabadhi. Wote tunalijua neno la Mithali juu ya mizani ya haki. Kipima mwendo nacho ni mizani. Anayekinunua na kukifunga amebeba wajibu ule ule wa mwenye duka anayepima sukari.

Kinafanyaje kazi

Kukifahamu kifaa hiki si kazi ngumu. Kina sehemu tatu. Ya kwanza ni sumaku ndogo inayofungwa kwenye spoku ya gurudumu la mbele. Ya pili ni kihisio, kinachofungwa kwenye uma, yaani zile pembe mbili zinazoshika gurudumu la mbele. Ya tatu ni kioo chenye tarakimu, kinachokaa kwenye usukani. Kihisio na kioo huunganishwa kwa waya mwembamba.

Ndani ya kihisio cha kawaida mna vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo. Sumaku ikipita karibu, vipande hivyo hugusana kwa kitambo kidogo, na kifaa huhesabu moja. Sumaku ikiondoka, huachana. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu ni hesabu moja. Kifaa huzidisha hesabu hiyo kwa mzingo wa gurudumu, na jibu lake ndilo umbali. Mwendokasi nao hupatikana kwa kuangalia muda uliopita kati ya hesabu moja na inayofuata.

Kwa hiyo kifaa hakioni barabara, mlima wala mchanga. Kinajua mambo mawili tu: gurudumu limezunguka mara ngapi, na mzingo ulioandikiwa ni kiasi gani. Ukikiandikia mzingo usio sahihi kitakupa umbali usio sahihi kila siku bila kuonyesha dalili yoyote ya ubovu.

Kazi hii ya kuhesabu mizunguko si ngeni. Mwaka 1895 Mmarekani Curtis Veeder alianzisha kampuni mjini Hartford na kutengeneza kihesabu cha chuma kisicho na betri. Kipini kilichofungwa kwenye spoku kiligonga gurudumu dogo lenye meno kila mzunguko, na namba zikasogea. Vihesabu hivyo vilikuwa imara, lakini vilionyesha kilomita au maili tu, na kila ukubwa wa gurudumu ulihitaji kihesabu chake. Vile vya betri na kioo cha tarakimu vilianza kuenea miaka ya 1980, na faida yake kubwa ni kwamba kifaa kimoja hufaa gurudumu lolote, mradi kiambiwe mzingo wake.

Maswali saba ya kuuliza kabla ya kulipa

Mazingira yetu ya nyanda za kati yana mambo yake. Miezi mingi ya mwaka ni vumbi na upepo, na jua la Oktoba na Novemba ni kali. Kati ya Desemba na Aprili mvua hunyesha, njia za mbugani hugeuka tope zito, na makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu hujaa maji. Baiskeli nayo haibebi mtu peke yake. Hubeba madumu ya maji, gunia la mtama, chanjo ndani ya boksi la baridi, na mara nyingine mgonjwa. Maswali yafuatayo tumeyapanga tukizingatia hali hiyo.

1. Kina waya au hakina? Sisi tunashauri chenye waya. Kisicho na waya hupendeza macho, lakini kihisio chake huhitaji betri ya pili, kwa hiyo kuna vitu viwili vya kufa badala ya kimoja. Tena kikisimama, si rahisi kujua kama tatizo ni betri ya juu, betri ya chini au mawasiliano kati yao. Waya ukikatika fundi anauona kwa macho, na mara nyingi anaweza kuuunga.

2. Kinatumia betri gani? Vingi vizuri hutumia betri bapa ya mfano wa sarafu iitwayo CR2032. Ina kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2 na nguvu ya volti 3. Aina hii hutumika pia kwenye kompyuta za mezani na kwenye rimoti za magari mengi, hivyo hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme mjini. Epuka kifaa chenye betri ya aina ambayo muuzaji mwenyewe hana. Epuka pia kinachohitaji kuchajiwa kila baada ya siku chache, hasa kama mtumiaji anaishi mbali na umeme.

3. Je, mzingo unaingizwa kwa milimita? Hili ndilo swali lililotugharimu. Vifaa vingine hukuruhusu kuchagua ukubwa wa gurudumu tu, kwa mfano 26 au 28. Hiyo haitoshi, kwa sababu tairi mbili zote za inchi 28 zinaweza kutofautiana unene, na mzingo ukatofautiana. Chagua kinachopokea tarakimu kamili, kwa mfano 2220.

4. Jumla ya kilomita inabaki betri ikitolewa? Katika vifaa vingine kubadilisha betri hufuta kumbukumbu yote, na hesabu ya mwaka mzima hupotea kwa dakika moja. Vizuri ni vile vinavyotunza jumla hiyo, au vinavyokuruhusu kuiandika upya kwa mkono. Vyovyote vile, jumla iandikwe daftarini kabla ya betri kuguswa.

5. Kina vitufe vingapi? Kimoja au viwili vinatosha. Tarakimu ziwe kubwa, zisomeke na mtu mzima asiye na miwani, juani. Mambo yanayohitajika ni matano tu: mwendokasi, umbali wa safari, jumla ya kilomita, muda wa safari na saa. Vile vinavyohesabu mapigo ya moyo na nguvu ya chakula iliyotumika mwilini vilibuniwa kwa wanamichezo. Kwetu vinaongeza bei na kumchanganya mtumiaji.

6. Kinastahimili maji na vumbi? Angalia mfuniko wa betri. Unapaswa kuwa na mpira mwembamba wa kuzuia maji na ufungwe kwa sarafu au bisibisi, usiwe wa kubandika tu. Jua likizidi, kioo cha tarakimu kinaweza kuwa cheusi kwa muda. Hiyo peke yake si kuharibika. Kikipoa kivulini hurudi katika hali yake.

7. Vipuri vyake vinauzwa peke yake? Vitu vinavyopotea au kukatika kwanza ni sumaku, na kitako cha usukani pamoja na waya wake. Kampuni zenye jina katika kazi hii, kama Cateye ya Japani na Sigma ya Ujerumani, huuza vitako na sumaku bila kukulazimisha kununua kifaa kizima. Vya bei ndogo visivyo na jina huwa vimefungwa ndani ya pakiti moja, na sumaku ikipotea umepoteza vyote. Wahenga walisema rahisi ghali. Hata hivyo, si lazima kununua cha ghali. Hata kampuni hizo zina vya waya vya kiwango cha chini kabisa, na hivyo ndivyo tunavyovipendekeza.

Kwa nini tusitumie simu?

Vijana wa kamati zetu huuliza hivyo, na ni swali la haki. Simu ya kisasa yenye programu ya kupima safari hupokea ishara za setilaiti na inaweza kuonyesha umbali hata ramani ya njia. Kwa safari moja ya kupima njia mpya simu inafaa sana.

Kwa kazi ya kila siku hatuipendekezi. Kupima safari ya saa sita humaliza chaji ambayo mhudumu wa afya anaihitaji kupiga simu zahanati jioni ile. Simu ikifungwa kwenye usukani katika njia ya mawe, ikianguka mara moja hasara yake inaweza kuzidi bei ya vipima mwendo kadhaa. Tena simu ni mali ya mtu, ina mambo yake ya ndani. Si vema kamati ianze kuomba kuonyeshwa ni wapi mtumishi alikuwa saa fulani. Kipima mwendo hakijui ulikuwa wapi, na kwa maoni yetu hiyo ni moja ya sifa zake.

Kukifunga na kukipima

Ufungaji huchukua chini ya saa moja, na tunaomba ufanyike mbele ya mwenye baiskeli na mjumbe mmoja wa kamati.

Kwanza, funga kihisio kwenye uma na sumaku kwenye spoku, kisha zungusha gurudumu uhakikishe vinapita mkabala. Nafasi kati yao isizidi milimita 5, lakini visigusane. Waya upitishwe kwa kuufuata uma na kufungwa kwa vifungio vya plastiki kila baada ya kiganja. Pale unapopanda kwenye usukani, uachiwe ulegevu wa kutosha ili usivutwe baiskeli inapokata kona. Waya unaoning'inia ndio unaonaswa na miiba, na ndio unaokatika baiskeli inapopakiwa juu ya lori.

Pili, pima mzingo. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Weka alama ya chokaa kwenye tairi pale linapogusa ardhi, na nyingine kwenye ardhi. Mwenye baiskeli akae juu yake na mzigo wake wa kawaida, kwa maana tairi linalobeba uzito hubonyea na mzingo hupungua kidogo. Msukume taratibu kwa mstari ulionyooka hadi gurudumu lizunguke mara 5 kamili, kisha weka alama ya pili ardhini. Pima umbali huo na ugawe kwa 5. Kwa mfano, mita 11.10 zikigawanywa kwa 5 ni mita 2.22, nawe utaandika 2220 kwenye kifaa. Tunapima mizunguko mitano kwa sababu kosa dogo la futi hugawanyika nalo.

Tatu, hakiki. Barabara kuu zetu, kama zile ziendazo Morogoro, Singida, Iringa na Kondoa, zina nguzo za kilomita. Endesha kutoka nguzo moja hadi ya tano baada yake, kwa uangalifu na pembeni ya barabara. Kifaa kikionyesha kilomita 5, au tofauti ya mita chache tu, kazi imekamilika. Mzingo huo uandikwe kwenye jalada la daftari la safari pamoja na tarehe, na wote waliokuwapo watie sahihi. Tairi jipya likifungwa, upimaji urudiwe.

Mbigili na miiba ya migunga haitupi likizo, hivyo gurudumu hutembelewa na fundi mara kwa mara. Baada ya kila ukarabati mwenye baiskeli azungushe gurudumu na kuangalia kama kioo kinahesabu. Mara nyingi tulipoletewa kifaa "kilichokufa", tulikuta sumaku imesogea tu.

Jambo moja la usalama tunaomba lisisahaulike. Betri hizi bapa ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo akizimeza. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili tu, hata kama mtoto haonyeshi dalili. Betri iliyokwisha isitupwe uani. Irudishwe ofisini ikiwa imefungwa kwa utepe wa gundi. Mtoto akidhaniwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri.

Kilomita hizi ni za kazi gani?

Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Baiskeli ya mradi ni mali, na matumizi ya kwanza ya kipima mwendo ni kuitunza. Utaratibu tuliojiwekea ni huu: mnyororo hutiwa mafuta kila kilomita 200, au mapema zaidi baada ya tope. Kila kilomita 1,000 baiskeli hupelekwa kwa fundi kukaguliwa spoku, breki, gololi na tairi. Zamani tulisubiri kitu kivunjike ndipo tutafute fedha. Sasa mtunza hazina wa usharika anajua mapema ni mwezi gani atahitaji tairi.

Matumizi ya pili ni bajeti na taarifa kwa wafadhili. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama katika miezi mitatu vipuri na ufundi viligharimu shilingi 36,000 na baiskeli ilitembea kilomita 1,200, basi kila kilomita iligharimu shilingi 30. Kwa takwimu hiyo kamati inaweza kulinganisha tairi la bei ndogo na la bei kubwa, na mfadhili anaona fedha yake ilivyotumika bila kuandikiwa maneno mengi.

Yapo pia matumizi ambayo tunaomba kamati ziyaepuke. Kilomita zisiwe kipimo cha utumishi. Mhudumu wa afya aliyekaa mchana kutwa na mama mjamzito mpaka gari likapatikana anaweza kurudi nyumbani na kilomita 6 tu kwenye kioo, na siku hiyo ikawa ndiyo siku yake kubwa ya mwaka. Na anayetaka kudanganya hatazuiwa na kifaa hiki. Akipindua baiskeli chini ya mwarobaini na kuzungusha gurudumu la mbele kwa mkono, kilomita zitaongezeka bila yeye kutoka kivulini. Kwa hiyo tarakimu isomwe pamoja na daftari la safari, na daftari lisomwe pamoja na mtu mwenyewe. Zikitofautiana, swali la kwanza liwe juu ya kifaa: mzingo, sumaku, waya, betri. Mtumishi aulizwe baada ya hapo, tena aulizwe faraghani.

Je, kila baiskeli inahitaji kimoja?

Jibu letu la kweli ni hapana, hata kama kusema hivyo kunapunguza orodha ya mahitaji tunayowapelekea wafadhili. Usharika wenye fedha kidogo unaweza kuanza na kipima mwendo kimoja tu kwenye baiskeli moja iliyopimwa vizuri. Baiskeli hiyo ipite njia zote za kwenda mitaani, mara moja kila njia, na umbali uandikwe kwenye jedwali litakalobandikwa ukutani ofisini. Tangu hapo hakuna anayehitaji kubishana, kwa kuwa kila safari umbali wake unajulikana.

Jedwali hilo liwe na safu mbili: ya kiangazi na ya kifuku. Korongo likijaa, njia ya kilomita 12 inaweza kugeuka ya 20 kwa sababu ya kuzunguka kutafuta kivuko, na mtumishi asiadhibiwe kwa kukataa kuvuka maji yanayoenda kasi. Njia ikihamishwa au barabara mpya ikichongwa, ipimwe upya.

Baiskeli zinazohitaji kipima mwendo chake ni zile zinazotembea sana, ambazo matengenezo yake yanategemea jumla ya kilomita, na zile ambazo watumiaji wake wenyewe wamekiomba. Wapo walioomba kwa sababu ya saa tu, nasi hatukuona ubaya.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo matatu. Nunueni aina moja kwa usharika mzima, ili kitako na sumaku vya mmoja vimfae mwingine. Msilipe kabla ya kukiona kikipokea mzingo kwa milimita. Na siku ya kukifunga, futi iwepo.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wenu wa kutaka kutuletea vilivyo bora. Mkitaka kutusaidia katika hili, tuleteeni vyenye waya, vya aina moja, pamoja na sumaku za akiba, vitako vya akiba na betri. Boksi la namna hiyo litatufaa miaka mingi kuliko kifaa kimoja cha setilaiti. Kikifika na kitabu cha maelekezo cha lugha ya kigeni, sisi tutatafsiri ukurasa wa kuingiza mzingo na kuusambaza sharikani kwanza.

Mwinjilisti tuliyemtaja mwanzoni bado anatumika. Kipima mwendo chake kiko kwenye usukani, na kwenye jalada la daftari lake imeandikwa 2220 kwa wino mzito. Siku hizi wenzake wakifungiwa vifaa vipya humwita awepo, naye hufika na kipande cha chokaa mfukoni. Hapokei neno la mtu juu ya ukubwa wa gurudumu mpaka alione likizunguka mara tano.